Mwongozo Kamili wa Kuchagua Printa ya Rangi ya Nyumbani Itakayokubaliana na Linux

Mtu anayetumia Linux nyumbani akienda kununua printa hukuta maboksi yenye alama za Windows na Mac, asione hata moja lenye alama ya Linux, na wauzaji wengi wakiulizwa hubahatisha tu. Ndiyo sababu watu wengi huishia kuchagua kwa jina la kampuni: huyu husema HP ndiyo inayokubali Linux, yule husema Epson. Ushauri wa namna hiyo una nusu ya ukweli, kwa kuwa kampuni ileile hutengeneza printa inayotambuliwa na Linux papo hapo na nyingine, ya bei inayokaribiana, ambayo itamsumbua mwenye nayo kila anaposasisha mfumo. Kinachoamua ni itifaki, yaani lugha ya mawasiliano, ambayo modeli husika huitumia kupokea kazi, na jambo hilo linaweza kuchunguzwa kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya kwanza: Fahamu jinsi Linux inavyowasiliana na printa

Karibu matoleo yote ya Linux ya kompyuta za nyumbani, yakiwemo Ubuntu, Linux Mint, Debian na Fedora, huchapa kupitia mfumo uitwao CUPS. Michael Sweet aliutoa mwaka 1999, Apple ikaununua mwaka 2007 baada ya kuutumia kwa miaka kadhaa katika kompyuta za Mac, na tangu mwaka 2020 unaendelezwa chini ya mradi wa OpenPrinting. Historia hiyo inamhusu mnunuzi moja kwa moja. Apple ilipoanzisha AirPrint mwaka 2010 ili simu za iPhone ziweze kuchapa bila kusakinishiwa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiongoza printa), ilitumia itifaki ya kuchapa mtandaoni iitwayo IPP, ambayo CUPS ilijengwa juu yake tangu mwanzo. Printa yenye AirPrint hujitangaza kwenye mtandao wa nyumbani, hueleza yenyewe ukubwa wa karatasi inazokubali, kama ina rangi na kama huchapa pande mbili, kisha hupokea kurasa katika miundo inayojulikana. Hakuna sehemu ya mawasiliano hayo inayohitaji siri za kampuni, na kwa hiyo Linux huyafuata vilevile kama simu inavyoyafuata.

Mwaka 2013 yaliongezeka mambo mawili. Kikundi cha viwango cha Printer Working Group kilichapisha kiwango cha IPP Everywhere, na kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox zikaanzisha umoja wa Mopria kwa lengo kama hilo upande wa Android. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji wa Linux anatakiwa kutafuta kwenye boksi alama zilizowekwa kwa ajili ya simu: kwanza AirPrint, na ikikosekana, Mopria. Angalizo moja ni la lazima hapa. Boksi likisema tu kwamba printa huchapa kutoka kwenye simu kwa kutumia programu ya kampuni yenyewe, kama vile HP Smart, Epson Smart Panel au Canon PRINT, hiyo haitoshi, kwa sababu programu hizo huweza kuwasiliana na printa kwa njia ambayo Linux haiijui.

Printa zisizo na AirPrint wala Mopria hazifai kutupwa zote kapuni. Baadhi zina draiva huria ambazo huja ndani ya Linux au hupakuliwa kutoka hazina yake rasmi. Epson hutoa draiva iitwayo ESC/P-R pamoja na msimbo wake wa chanzo, nayo katika Debian na Ubuntu hupatikana kwenye kifurushi cha printer-driver-escpr. HP ina mradi wake wa draiva uitwao HPLIP. Na Gutenprint huhudumia printa nyingi za zamani za Epson na Canon. Kwa kuwa msimbo upo wazi, draiva hizi hujengwa upya kwa kila toleo la Linux na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo prosesa yake si ya Intel wala AMD.

Kundi linalobaki ni la draiva zilizofungwa, yaani zisizotolewa pamoja na msimbo wake, ambazo kampuni huziweka kwenye tovuti yake. Hufanya kazi leo, lakini hatima yake imo mikononi mwa kampuni. Draiva nyingi za Brother, kwa mfano, zimetengenezwa kwa prosesa za aina ya Intel peke yake, kwa hiyo hazitakusaidia kwenye Raspberry Pi. Baadhi ya modeli za HP, ingawa zipo ndani ya HPLIP, hudai kipande cha ziada kilichofungwa ambacho sharti kilingane na toleo la HPLIP, hivyo kila HPLIP inaposasishwa kipande hicho nacho hupakuliwa upya. Isitoshe, CUPS yenyewe inaelekea kuachana na draiva za mtindo wa zamani: toleo la 3 limepangwa kuziondoa, na printa za zamani zitahudumiwa na programu maalumu zinazozifanya zionekane kama printa za IPP. Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba itapunguza hatua kwa hatua huduma kwa draiva za kampuni nyingine katika Windows. Anayenunua printa mpya leo akitegemea draiva iliyofungwa ananunua kitu ambacho dunia nzima inakipa kisogo.

Haishangazi kwamba watu wa programu huria huwa wakali mno kuhusu jambo hili. Richard Stallman mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi printa ya Xerox katika maabara ya MIT, ambayo msimbo wake alinyimwa, ilivyomsukuma kuelekea harakati za programu huria alizokuja kuzianzisha.

Hatua ya pili: Amua kati ya wino na leza

Uamuzi huu hutegemea unachapa nini, mara ngapi, na umeme wako ukoje. Leza ya rangi hutumia unga wa tona wa rangi nne, haikauki hata ikikaa miezi mitatu bila kuguswa, na maandishi yake ni makali na hayachuji yakipatwa na maji. Kwa familia inayochapa mara chache, na hasa hati kuliko picha, ni chaguo zuri. Gharama yake huja kwa mkupuo: siku tona zote nne zitakapokwisha, jumla ya bei yake inaweza kukaribia bei ya printa yenyewe, na zaidi ya tona kuna ngoma (silinda inayohamishia tona kwenye karatasi) na sehemu nyingine zinazochakaa.

Umeme ndio unaowashinda wengi. Leza hupasha moto sehemu inayoyeyusha tona ili ishike kwenye karatasi, na wakati wa kupasha huweza kuvuta zaidi ya wati 1,000 kwa muda mfupi. UPS ndogo ya kompyuta (betri ya akiba) haikubuniwa kwa mzigo huo, na mfumo mdogo wa sola wa nyumbani huzidiwa. Printa ya wino kwa kawaida hutumia wati 10 hadi 20 hivi inapochapa, kwa hiyo hata inverta ya kawaida huibeba bila shida. Katika nyumba ambako umeme hukatika mara kwa mara, mimi huliona jambo hili kuwa zito kuliko ubora wa maandishi.

Printa za wino nazo zina matawi mawili. Zile za katriji huuzwa kwa bei ya chini sana, kisha mwenye nayo huilipia polepole kila anapobadilisha katriji. Zile za matangi, yaani zinazojazwa wino kutoka kwenye chupa, ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini baada ya hapo gharama ya ukurasa hushuka mno. Epson ilianza kuziuza nchini Indonesia mwaka 2010, na leo Canon wana mfululizo wa G, HP wana Smart Tank, na Brother wana DCP-T. Kwa mwenye watoto wa shule, au anayetayarisha mitihani, kadi na vipeperushi nyumbani, ningependekeza tangi bila kusita, mradi achape walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki ili wino usikauke kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya ukurasa mmoja

Bei iliyoandikwa kwenye printa haielezi chochote bila hesabu hii. Chukua bei ya chupa au katriji, igawanye kwa idadi ya kurasa ambazo kampuni inazitaja, na uifanye kwa wino mweusi na kwa rangi. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 imekadiriwa kurasa 120 hivi, na ya rangi 100. Chupa nyeusi ya Epson 103 imekadiriwa kurasa 4,500. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, katriji ni shilingi 45,000 na chupa ni shilingi 40,000: ukurasa wa katriji utakuwa shilingi 375, na wa chupa haufiki shilingi 9. Weka bei za dukani kwako uone mwenyewe.

Idadi hizo hupatikana kwa kurasa za majaribio zilizowekwa na viwango vya ISO, ambazo sehemu kubwa ya karatasi yake ni nyeupe. Ukichapa picha zinazojaza ukurasa, wino utaisha mapema zaidi. Printa huchukua pia wino wa kuijaza mirija yake inapowashwa mara ya kwanza, kwa hiyo usishangae chupa za kwanza zikionekana kupungua haraka.

Kwa upande wa HP, jihadhari na modeli ambazo jina lake huishia na herufi ndogo "e". Hizo zimefungamanishwa na mpango wa HP+, na ukijiunga nao printa hudai iwe imeunganishwa na intaneti na itumie wino halisi wa HP muda wote wa maisha yake. Anayetumia Linux kwa sababu anataka kumiliki kompyuta yake hatafurahia masharti hayo, na anayenunua vifurushi vya intaneti kwa siku hatayaweza.

Hatua ya nne: Chunguza modeli yenyewe, herufi kwa herufi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Epson L3210 na L3250 hufanana sana kwa umbo, lakini ya kwanza ina USB peke yake na ya pili ina Wi-Fi. HP Color Laser 150a imetokana na ukoo wa printa za Samsung, kitengo ambacho HP ilikinunua mwaka 2017, na kwa hiyo haihudumiwi na HPLIP kama mtu angetarajia. Huhitaji draiva nyingine iliyofungwa iitwayo ULD. Kwa wanaotafuta leza nyeusi za mtumba, Canon LBP2900 ambayo bado inaonekana katika ofisi nyingi hutumia CAPT, itifaki ya Canon yenyewe, na draiva yake rasmi ya Linux hutegemea maktaba za programu za biti 32 ambazo mifumo ya sasa haiji nazo.

Kwa hiyo andika jina kamili la modeli pamoja na herufi zote za mwisho, kisha litafute katika sehemu tatu. Tovuti ya OpenPrinting ina orodha ya printa zinazofanya kazi bila draiva pamoja na hifadhi kubwa ya printa za zamani. Printer Working Group ina orodha ya zilizothibitishwa kwa IPP Everywhere. Na ukurasa wa sifa wa kampuni yenyewe, chini ya kipengele cha kuchapa kwa simu, utataja AirPrint au Mopria ikiwa zipo. Modeli isiyoonekana popote kati ya hizo tatu iache dukani, hata kama bei yake inavutia. Kwa printa za HP, tovuti ya HPLIP inaonyesha pia kama modeli inadai kile kipande kilichofungwa.

Ikiwa unataka kuskani, na printa nyingi za nyumbani siku hizi zina skana juu yake, uliza hilo kando, kwa maana printa inaweza kuchapa vizuri kwenye Linux huku skana yake ikigoma. Neno la kutafuta ni eSCL, itifaki ya kuskani inayoandamana na AirPrint katika mashine nyingi zenye skana. Linux huifikia kupitia kifurushi cha sane-airscan.

Hatua ya tano: Ijaribu kabla ya kulipa

Beba kompyuta yako dukani, au fleshi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, pamoja na waya wa USB wa printa. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi ambaye ana printa ya maonyesho mara nyingi hatakataa mteja aliye tayari kununua. Iunganishe, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

lsusb

Utaona orodha ya vifaa, na printa itatambulika kwa jina au kwa namba ya kampuni: 04b8 ni Epson, 03f0 ni HP, 04a9 ni Canon na 04f9 ni Brother. Kisha, kwa mfano wa Epson:

sudo lsusb -v -d 04b8: | grep -A2 "bInterfaceClass *7"

Mstari wa bInterfaceProtocol ukionyesha namba 4, printa inaweza kuzungumza IPP kupitia waya wa USB, na kifurushi cha ipp-usb, ambacho Debian ilikileta katika toleo la 11 la mwaka 2021, kitaifanya ionekane kama printa ya mtandao, kuchapa na mara nyingi kuskani pia. Ukiona namba 1 au 2 peke yake, hapo kwa USB utahitaji draiva. Angalia kama tayari unayo:

lpinfo -m | grep -i L3210

Badilisha L3210 kwa modeli iliyo mbele yako. Jibu likija tupu, sakinisha kifurushi cha draiva na ujaribu tena kabla ya kukata tamaa. Mwishowe chapa ukurasa mmoja wenye rangi na ukurasa mmoja wa maandishi madogo. Ukiweza, skani kitu pia.

Muulize muuzaji jambo moja zaidi: printa hujiungaje na Wi-Fi mara ya kwanza? Baadhi hutegemea programu ya simu. Yenye kioo au kitufe cha WPS (cha kujiunga na Wi-Fi kwa kubonyeza tu) haikufungi na programu yoyote.

Hatua ya sita: Isakinishe nyumbani

Printa nyingi za nyumbani hukubali Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo ruta yenye majina mawili ya mtandao hakikisha umechagua lile la 2.4. Usiiunge kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu ruta nyingi huzuia vifaa vya mtandao huo visionane. Baada ya kuunganisha, andika:

ippfind

Amri hii, iliyomo katika kifurushi cha cups-ipp-utils kwa Debian na Ubuntu, hutafuta printa za IPP mtandaoni na kukupa anwani zake. Mara nyingi hutahitaji kufanya lolote zaidi, kwa sababu printa itajitokeza yenyewe katika dirisha la kuchapa la LibreOffice au Firefox. Isipojitokeza, iongeze mwenyewe kwa anwani uliyoipata:

sudo lpadmin -p Nyumbani -E -v ipp://anwani-ya-printa/ipp/print -m everywhere

Sehemu ya "-m everywhere" huiambia CUPS iiulize printa sifa zake badala ya kutafuta draiva. Kama ippfind haioni kitu ingawa simu inaiona printa, kosa mara nyingi lipo kwenye programu ya ulinzi wa mtandao katika kompyuta: ruhusu huduma ya mDNS, ambayo vifaa huitumia kutafutana mtandaoni kupitia mlango wa UDP 5353. Watumiaji wa matoleo yenye firewalld, mojawapo ya programu hizo za ulinzi, hukutana na hili zaidi.

Kisha weka karatasi ya A4, kwani baadhi ya mifumo huanza na ukubwa wa Letter wa Marekani, na matokeo yake ni printa inayosimama ikidai karatasi ambayo huna:

lpoptions -p Nyumbani -o media=A4

Kwa skana, andika scanimage -L uone kama imetambuliwa, kisha tumia programu ya kuskani iliyomo katika mfumo wako. Printa za Epson zisizo na eSCL zinaweza kutumia programu ya Epson Scan 2, ambayo kampuni huitoa kwa ajili ya Linux.

Ukinunua printa ya USB tupu kwa sababu ya bei, hujanyimwa kuchapa kutoka kwenye simu. Iunganishe kwenye Raspberry Pi au kompyuta yoyote inayobaki imewashwa, hakikisha huduma ya Avahi, inayovitangaza vifaa mtandaoni, inafanya kazi, kisha andika:

sudo cupsctl --share-printers

CUPS itaitangaza printa hiyo kwenye mtandao wa nyumbani, na simu nyingi za iPhone na Android zitaiona kana kwamba ina AirPrint yake.

Hatua ya saba: Itunze katika mazingira ya umeme usiotulia

Printa ya wino izimwe kwa kitufe chake, kamwe si kwa swichi ya ukutani. Ukibonyeza kitufe, kichwa cha kuchapia hurudi pembeni na kufunikwa kifuniko kinachozuia wino kukauka. Ukikata umeme ghafla, kichwa huachwa wazi pale kilipo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe mara utakaporudi, uiache imalize kujipanga, kisha uizime kwa kitufe. Amri ya kusafisha kichwa itumike pale tu mistari inapoonekana kwenye karatasi, kwa sababu kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye pedi ya taka iliyo ndani. Pedi hiyo ikijaa printa hugoma, na katika modeli nyingi za bei nafuu mafundi huirudisha kaunta yake kwa programu za Windows. Zipo modeli ambazo taka huingia kwenye kisanduku ambacho mtumiaji hukibadilisha mwenyewe. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ninamshauri mtumiaji wa Linux achukue hizo.

Wanaokaa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, wahifadhi karatasi ndani ya mfuko wake uliofungwa na wasiziache kwenye trei kwa wiki nzima. Karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na kukwama, zaidi katika leza. Wino nao ununuliwe kwa wakala anayeaminika, chupa ikiwa na lakiri yake, na isichanganywe na wino wa kampuni nyingine ndani ya tangi moja.